Gunzi Likigeuka Mtoto

Mtoto wa miaka miwili akiliviringisha gunzi la muhindi kwenye kipande cha kanga, akalibeba mgongoni na kulibembeleza lisilie, wengi wetu hupita tukisema anacheza tu. Kumbe akili yake inafanya kazi nzito. Anajua fika kwamba lile ni gunzi, ila ameamua lisimame badala ya mtoto asiyekuwepo. Neno nalo ni vivyo hivyo: sauti ya "maji" haimlowanishi mtu, lakini huyaleta maji akilini. Ndiyo maana mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliona kuigiza na kusema ni matawi ya shina moja, linalochipua mtoto akikaribia miaka miwili. Mwanasaikolojia mwenzake, Lev Vygotsky, katika mhadhara wa 1933, alieleza jinsi fimbo inayogeuka farasi inavyomsaidia mtoto kutenganisha maana na kitu chenyewe.

Uchambuzi wa tafiti 35 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba, kwa wastani, watoto hodari wa kuigiza ndio pia wenye lugha pana zaidi. Lakini je, mchezo ndio unaokuza lugha, au mwepesi wa kusema huwa mwepesi wa kucheza? Swali ni la haki. Mwanasaikolojia Angeline Lillard na wenzake, walipopitia tafiti za mchezo wa kuigiza mwaka 2013, waliona kwamba haijathibitika kuwa mchezo ndio chanzo. Nakubaliana nao, ila sioni kama hilo linaupunguzia mchezo thamani. Wasikilize watoto wa miaka minne: "Wewe uwe mgonjwa, mimi niwe daktari, hiki kijiti kiwe sindano." Wamegawana nafasi, wamepatanisha ngeli, na wamesema juu ya jambo ambalo halipo. Mtoto anayeambiwa "njoo ule" na "kaoge" kutwa nzima hapati nafasi ya kutunga sentensi kama hiyo. Hata kama lugha ndiyo iliyotangulia, basi mchezoni ndiko inakonolewa.

Wala mchezo huu hauhitaji pesa. Kifuu cha nazi ni sufuria tosha, na mchanga ni unga. Kinachohitajika ni mtu mzima, akikaribishwa chakula hicho, aketi, "ale", aulize kimepikwa kwa kitu gani, kisha asubiri jibu. Na mtoto akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, au miezi 30 bila kujifanya analisha wala kupika chochote, mpelekeni kliniki. Msingoje eti atasema tu akikua.