Geto lako linakuchosha? Ingiza mti, toa plastiki!

Leo tuweke kando habari za mavazi na mitindo ya nywele, tuingie chumbani. Usishtuke, si kwa hayo unayoyafikiria wewe! Nataka tuzungumzie chumba chenyewe, hicho unacholipia kodi kila mwezi halafu unakikimbia.

Tuseme ukweli. Vijana wengi wa mjini hatukai nyumbani, tunalala tu. Mtu akitoka kazini anapitia kijiweni, kutoka kijiweni anahamia baa, saa sita za usiku ndiyo anakumbuka kuwa ana kitanda. Muulize kwa nini, atakujibu: "Geto la moto bwana, ukikaa ndani unachanganyikiwa." Matokeo yake mshahara unaishia kwenye chupa na nyama choma, na aliye na mwenzake ndani kila siku ni ugomvi.

Mimi nimeingia vyumba vingi vya Sinza, Manzese, Mwananyamala na Temeke. Vingi vinafanana utafikiri vimepambwa na mtu mmoja. Seti ya makochi imejaa mpaka mlango unafunguka nusu. Kabati la vyombo limeegemezwa dirishani. Chini kuna zulia la manyoya lililobeba vumbi la tangu Pasaka. Vitambaa vya kufuma viko juu ya kila kitu. Mezani kuna maua ya plastiki, mekundu yaliyopauka. Na ukutani, bango la mlima wenye theluji, ziwa na bata maji. Mtu yuko Manzese, jasho linamtiririka mpaka kwenye visigino, anaangalia theluji!

Msinielewe vibaya, simcheki. Lile bango linasema jambo la kweli. Roho ya yule jamaa inadai kijani, maji na ubaridi. Tatizo ni kwamba ameuziwa picha ya kitu badala ya kitu chenyewe, na kitu chenyewe kiko nje hapo, hatua kumi kutoka mlangoni kwake.

HATA WAGONJWA WALIONYESHA

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kizungu, mambo ya Masaki. Haya, sikilizeni. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani aitwaye Roger Ulrich alichapisha utafiti wake katika jarida la Science. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lilitazama ukuta wa matofali.

Waliotazama miti walikaa hospitali karibu siku 8, wale wa ukuta karibu siku 8.7. Tena wale wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Hakuna aliyewapa dawa ya majani. Walilala tu na kutazama mti! Sasa kama mti wa nje unamsaidia mtu mwenye kidonda cha kisu, wewe mwenye kidonda cha bosi na foleni ya Ubungo utakosaje nafuu?

Ila nisikupe chumvi. Mtaani wapo wanaouza miche huku wakiapa kwamba mmea mmoja unasafisha hewa ya chumba kizima. Habari hiyo ilianzia kwenye utafiti wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, wa mwaka 1989. Utafiti ule ulifanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa, siyo kwenye chumba chenye mlango na dirisha. Mwaka 2019 wataalamu walipiga upya hesabu za tafiti za aina hiyo, wakaona kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na dirisha lililo wazi, ungehitaji kuanzia mimea 10 mpaka 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Hapo utalala wapi? Kwa hiyo mmea tunauweka kwa ajili ya macho na roho. Hewa ni kazi ya dirisha.

ANZA NA DIRISHA

Jamaa yangu mmoja, konda wa daladala, alikuwa anafika nyumbani saa nne usiku kichwa kinagonga kama injini. Chumba chake kimoja, yeye na mkewe, bati juu, hakuna dari. Akiingia tu ugomvi unaanza: kiti kimekaa njiani, feni inapiga kelele, nani kahamisha chaja. Wakafika mahali mke akafungasha, akaenda kwa dada yake Mbagala. Jamaa akanifuata: "Bwana, wewe unaandika mambo ya nyumba, njoo unitazamie hili tanuri langu."

Tulianza Jumapili asubuhi. Hatukununua kitu. Tulitoa. Kochi moja alimpa mdogo wake. Zulia likakunjwa. Kabati tukalisogeza, na nyuma yake tukakuta dirisha zima ambalo halijaona jua miaka miwili! Likafutwa, likawekwa wavu wa mbu, likafunguliwa. Kwa kuwa mlango uko upande wa pili, upepo ukaingia huku ukatokea kule. Kabla ya mmea hata mmoja, chumba kilikuwa kimeshabadilika.

Hilo ndilo somo la kwanza. Pori haliingii kwenye chumba kilichojaa. Kabla hujafikiria kununua, tazama dirisha lako limezibwa na nini. Pazia zito la velveti nalo lishushe, weka kitambaa chepesi cha pamba au hata kanga. Mwanga wa asubuhi ukipita kwenye kanga, ukuta mzima unapata rangi, na hujatoa senti tano.

Kama dirisha lako linatazama machweo, hapo ndipo joto linapoingia mchana. Jua la saa tisa alasiri la Dar halina huruma. Ukipata ruhusa ya baba mwenye nyumba, panda pasheni nje, ifungie kamba, itambae mbele ya dirisha. Baada ya miezi kadhaa una pazia la majani, na juisi juu yake.

BIBI ZETU WALIJUA

Chini tulitandika mkeka wa ukindu. Vijana wengi wanauona mkeka ni kitu cha msibani au cha kijijini, huo ni ushamba wa mjini! Mkeka haushiki joto kama zulia, vumbi lake unalikung'uta nje kwa dakika moja, na ukijilaza mchana mgongo unapoa. Harufu ya mkeka mpya peke yake inatuliza.

Kwenye kona tukaweka mtungi wa maji. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya polepole mpaka nje, yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata umeme ukikatika. Hapo una pambo na friji kwa pamoja, na halitumii luku.

Ukitaka kuona watu waliolijua jambo hili zamani, nenda Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu. Nyumba zile kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Katikati ya nyumba kubwa kuna uwanja ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na kutoa joto. Na usiku, asumini juu ya mto. Yule mke wa konda ni mtu wa Pwani. Nilimwambia jamaa: "Usiende Mbagala na maneno matupu." Akanunua asumini na mrehani, akafungiwa kikuba. Mengine ni ya kwao wenyewe.

UA LETU, DIRISHA LA WENGINE

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe, na hapa kuna jambo linaloniuma kidogo. Nenda Ujerumani, Uingereza au Marekani, kwenye madirisha ya akina bibi wa kule utaona ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Ni kweli, limetoka kwetu, milima ya Usambara, Tanga. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa kikoloni huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo ni moja ya maua ya ndani yanayojulikana zaidi duniani. Huku kwao porini aina zake kadhaa ziko hatarini, kwa sababu zinahitaji kivuli cha msitu na msitu unakatwa. Na sisi wenye ua tunapanga foleni Kariakoo kununua waridi la plastiki!

Kwa joto la Dar ua hilo linapata shida, linataka ubaridi wa Lushoto. Lakini lipo lingine la kwetu lisilo na makuu. Jina lake la kitaalamu linakunja ulimi, Zamioculcas zamiifolia. Majani yake ni ya kijani iliyokolea, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Linaota lenyewe kuanzia Kenya na Tanzania mpaka Afrika Kusini. Chini ya udongo lina viazi vinavyotunza maji, kwa hiyo ukisahau kulimwagia wiki mbili halikununii. Linavumilia hata chumba chenye mwanga hafifu. Mwombe muuza miche akuonyeshe, utalitambua.

La pili ni lile lenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye mistari. Ndugu zake wengi wanaota porini kwenye sehemu kavu za Afrika Mashariki. La tatu ni lile linalotambaa, lenye majani ya umbo la moyo. Hilo unakata kipande, unakitia kwenye chupa ya maji, kinatoa mizizi. Omba kwa jirani, hununui.

Konda alichukua hayo matatu. Vyungu vilikuwa makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, yakavishwa vikapu vya ukili. Rafu ya dirishani ilikuwa kipande cha mbao alichookota kwa mafundi wa Keko, akakisugua msasa na kukiacha na rangi yake. Bango la theluji tulilitoa mwisho. Alisitasita kidogo, nikamwelewa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Moja, mimea mingi ya ndani inauawa na upendo, siyo kiu. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kama kuna unyevu, acha maji yako. Na kila chungu lazima kiwe na tundu chini.

Mbili, maji yaliyotuama kwenye kisahani au kwenye chupa ni wodi ya wazazi ya mbu. Yule mbu anayeeneza homa ya dengue anapenda maji machache ya namna hiyo, tena anauma mchana. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ikapata tena 2019. Mwaga maji ya kisahani, ya chupa badilisha kila wiki bila kukosa, na usugue chupa kwa ndani.

Tatu, kama kuna mtoto anayetambaa, weka mimea juu. Ile mimea ya majani mapana yenye madoa meupe utomvu wake unavimbisha mdomo na ulimi. Hata yale majani yanayong'aa niliyoyasifia siyo mboga.

Nne, ukienda ufukweni usibebe kila unachokiona. Yale makombe makubwa yanayopulizwa kama baragumu, mwenyewe anayeishi ndani anakula kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayemaliza matumbawe. Ukinunua kombe, mtu ataingia tena baharini kumtafuta mwingine. Okota jiwe, kipande cha gogo kilicholetwa na mawimbi au kifuu cha nazi. Hivyo havina mwenyewe.

Tano, wewe ni mpangaji. Kabla ya kugonga misumari kwa baba mwenye nyumba, ongea naye. Mimi wangu mmoja wa zamani alinidai fidia ya ukuta kwa sababu ya mche wa mnanaa! Ndiyo maana napenda vitu vinavyosimama chini na kuhama na mwenyewe: mkeka unakunjwa, mtungi unabebwa, mmea unakwenda na chungu chake.

Mtauliza, na yule mke je? Alirudi baada ya wiki mbili. Sitaki kukudanganya kwamba ni mmea uliomrudisha, watu wale walikaa wakazungumza na wazee wao pia. Ila konda ameniambia kitu. Zamani akifika usiku alikuwa anabaki kizingitini anatafuta sababu ya kutoka tena. Siku hizi anavua viatu, anakunywa maji ya mtungini, anajilaza mkekani dirisha likiwa wazi, na mkewe anamhadithia ya mchana. Pesa ya baa inaonekana.

Basi mpenzi msomaji, Jumapili hii kabla hujatoka kwenda kijiweni, sogeza hilo kabati. Halafu nenda kwa jirani ukaombe kipande cha mmea. Maua ya plastiki mwachie fundi wa kupamba magari ya harusi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.