Mvua, mlima na msafiri aliye peke yake: Kwa nini baridi huua hata katika nchi ya joto

KATIKA miji ya Busia na Malaba, baridi si jambo linalomkosesha mtu usingizi. Joto la mchana huwa kati ya nyuzi 26 na 30 za Selsiasi, na hata usiku wa manane ni nadra kipimo kushuka chini ya 14. Ndiyo maana msafiri wa maeneo haya anayejitwika shanta na kuelekea milimani wakati wa masika huwaza nyoka, nyati na majambazi, lakini haiwazi fulana yake mwenyewe iliyolowa.

Wataalamu wa uokoaji milimani huiweka fulana hiyo mbele ya nyoka. Mtu aliyelowa, aliyechoka na anayepigwa na upepo anaweza kufa kwa baridi hata pale ambapo hakuna theluji wala barafu. Anayetembea na kulala hemani peke yake yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu baridi huanza kwa kumnyang'anya mtu busara kabla ya kumnyang'anya nguvu, naye hana mwenzake wa kumwambia kwamba ameanza kubabaika.

Kaunti ya Busia yenyewe si nchi ya milima mirefu. Ardhi yake huanzia takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, na kufikia karibu mita 1,500 katika vilima vya Samia na vya Teso Kaskazini. Lakini kaskazini mashariki mwa Malaba, ng'ambo ya mashamba ya Bungoma, umesimama Mlima Elgon. Kilele cha Koitobos, upande wa Kenya, kina mita 4,222, na kile cha Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Msafiri anayekunywa chai Malaba asubuhi anaweza kulala usiku huohuo katika hali ya hewa ambayo mwili wake haujapata kuionja.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kila mita 1,000 anazopanda mtu, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu. Mji wa Busia uko karibu mita 1,200. Anayepiga hema kwenye mita 3,500 amepanda mita 2,300, na kwa hivyo amepoteza kama nyuzi 15. Usiku wa nyuzi 16 mjini Busia huwa usiku wa nyuzi moja tu huko juu, kabla ya kuuhesabu upepo na mvua.

Mvua nayo ina ratiba yake. Nusu ya mvua ya mwaka katika kaunti hiyo hunyesha katika masika, hasa kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Mei, na robo nyingine kati ya Agosti na Oktoba. Ziwa Victoria ndilo linaloamua saa. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Upepo huo hukutana na ule unaotoka mashariki, hewa hupanda juu, mawingu hurundikana, na alasiri radi huanza kunguruma.

Ndiyo sababu wenyeji wa mlimani huanza safari alfajiri. Aliyeondoka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kutembea saa saba, akapiga hema lake saa saba mchana na kubadilisha nguo kabla ya tone la kwanza kuanguka. Aliyeondoka saa nne hukutwa na mvua njiani, na hulazimika kupiga hema kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kwa nini nguo mbichi ni adui mkubwa kiasi hicho? Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Nguo kavu hukinga kwa sababu imeshika hewa kati ya nyuzi zake. Inapolowa, nafasi ya hewa hiyo huchukuliwa na maji, na joto la mwili hupata njia ya kutorokea. Upepo ukivuma, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto jingine zaidi.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu ameingia katika hali ambayo wataalamu wa tiba huiita hipothemia. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kushindwa kufunga kamba za viatu au zipu, kujikwaa ovyo na maneno kuanza kugongana mdomoni. Kisha mtu huwa mkaidi au hukata tamaa, akadai kwamba yu mzima na hahitaji kitu. Baridi ikimzidi, mtetemeko hukoma. Hiyo si dalili ya nafuu, bali ni ishara kwamba mwili umeishiwa na uwezo wa kujipa joto.

Anayeona dalili hizo, zake au za mwingine, hana budi kusimama mara moja na kujikinga na upepo. Nguo zilizolowa zivuliwe zote, mwili ukaushwe, zivaliwe nguo kavu na kichwa kifunikwe. Mgonjwa asilale juu ya ardhi tupu, kwa kuwa ardhi nayo hufyonza joto. Iwapo ana fahamu zake, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Asipewe pombe: huleta hisia ya joto kwenye ngozi huku ikiuharakisha mwili wa ndani kupoa. Wala mikono na miguu yake isisuguliwe kwa nguvu, kwani moyo uliopoa ni dhaifu.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Shati la pamba na suruali ya jinzi hunywa maji mengi na huchelewa kukauka, hivyo hazifai. Sweta ya sufu hubaki na joto kiasi hata ikilowa, nayo poliesta hukauka upesi. Zote mbili hupatikana katika masoko ya mitumba. Koti la mvua huvaliwa juu ya hizo. Lililo muhimu kuliko yote ni seti moja ya nguo kavu, pamoja na soksi, ambayo haivaliwi ila ndani ya hema. Asubuhi msafiri huzivua, akazihifadhi na kuvaa tena zile mbichi. Ni adhabu ya dakika kumi, lakini ndiyo inayomhakikishia usiku wa pili.

Zamani wasafiri walizihifadhi nguo hizo katika mifuko ya plastiki ya dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Badala yake hutumiwa mfuko mzito wa nailoni unaofungwa kwa kukunjwa mdomo, au kipande cha turubai.

Chakula ni kuni za mwili. Mtu anayetetemeka huchoma akiba yake haraka, kwa hivyo njugu karanga, sukari guru na chapati zinazoliwa bila kupikwa zinapaswa kuwa mfukoni, wala si chini kabisa ya shanta. Jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Makaa na gesi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini.

Mahali pa kulala huamua mengi. Kingo za kijito huvutia kwa sababu maji yako karibu, lakini kijito cha mlimani huweza kufurika usiku ilhali hapo kilipo hapajanyesha. Wakazi wa Budalang'i, kusini mwa Busia, wanalijua somo hilo vyema. Mto Nzoia umewafurikia mara nyingi kwa mvua iliyonyesha mbali, katika milima ya Cherangani na Elgon. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima mwenye mzigo. Aliye peke yake asivuke. Angoje, kwani vijito vya namna hiyo aghalabu hupungua saa chache baada ya mvua kukatika.

Miteremko mikali nayo si ya kuaminiwa baada ya mvua ya siku nyingi. Mnamo Machi 1, 2010 ardhi iliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Inakadiriwa kwamba mamia ya watu waliangamia, na wengi wao hawakupatikana. Oktoba 2018 Mto Suume ulileta matope na mawe katika eneo la Bukalasi, wilayani humohumo, na zaidi ya watu 40 wakafariki. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama na chemchemi inayobadilika ghafla kuwa ya matope ni ishara za kuhama bila kuchelewa.

Mvua inapozidi, macho ya msafiri hutafuta pango, na watu wa kale walifanya hivyohivyo. Mwamba wa Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, una michoro ya kale, na wanaakiolojia wamebaini kwamba watu waliutumia kama makao tangu miaka 9,000 hivi iliyopita. Lakini si kila pango ni kimbilio. Katika pango la Kitum, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, ndovu huingia gizani kuchimba chumvi ukutani. Isitoshe, wagonjwa wawili wa homa hatari ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelizuru pango hilo kabla ya kuugua, na wote wawili walifariki. Virusi hivyo huhusishwa na popo wanaokula matunda. Pango lenye popo si mahali pa kulala.

Radi ni hatari nyingine, kwani eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ikiwa muda kati ya mmweko na ngurumo ni chini ya sekunde 30, radi iko karibu mno. Msafiri ashuke kutoka kileleni na kwenye matuta, aepuke mti uliosimama pekee, na asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Suala la ruhusa nalo lina uzito. Vilima vya Samia vina wenyewe. Anayetaka kupiga hema huko humwona mwenye shamba na naibu wa chifu, au mzee wa kijiji ambaye Waluhya wengi humwita liguru. Salamu hiyo si adabu tu, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wajue kwamba kuna mgeni mlimani. Kwenye Mlima Elgon, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hutoza ada langoni, nao wenzao wa Uganda huwapa wapandaji askari wa kuwaongoza. Masharti hayo yana historia. Februari 2008 mtalii kutoka Ubelgiji aliuawa kwa risasi usiku akiwa kambini upande wa Uganda. Aidha, mpaka wa nchi hizi mbili unapita mlimani, na kuuvuka bila kupitia maafisa wa uhamiaji ni kosa la kisheria.

Kwa sababu hizo, mtu anayetamani kuwa peke yake afadhali aanzie Samia au Teso Kaskazini, ambako nyumba ya jirani haiko mbali na makosa yake yatamgharimu usiku mmoja wa kutetemeka. Elgon angoje mpaka awe na mwenzake au askari wa kumsindikiza. Zaidi ya baridi, kule kuna maradhi ya mwinuko, ambayo huanza na kuumwa kichwa na kichefuchefu kuanzia mita 2,500 hivi, na tiba yake ya hakika ni kuteremka.

Kabla ya kuondoka, amwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia atakayopita, mahali atakapolala na saa ambayo, asipopiga simu, atafutwe. Simu yenyewe isitegemewe kupita kiasi. Karibu na mpaka huweza kudaka mtandao wa Uganda, na betri hudhoofika upesi kwenye baridi. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Kipyenga shingoni hakihitaji betri: milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni wito wa msaada unaotambuliwa milimani kote duniani.

Mwisho, saa ya kurudi iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Anayeamua akiwa mkavu na ameshiba huamua kwa akili zake zote. Anayengoja kuamua akiwa amelowa chapachapa, kilele kikiwa mbele yake, huwa amekwishaachia baridi imwamulie. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na mlima utakuwepo msimu ujao.