Fahamu: Kwa nini Corolla hubadilika upesi, Land Cruiser 70 haibadiliki?

Kwa kawaida, kampuni za magari huunda modeli upya kila baada ya miaka mitano hadi saba. Katikati ya kipindi hicho gari huguswa sura tu: taa, bampa na shoo ya mbele.

Toyota Corolla ilianza mwaka 1966, na toleo la 12 lilitoka mwaka 2018. Huo ni wastani wa chini ya miaka mitano kwa kila toleo.

Mtindo huu ulianzia wapi?

Ulianzia Marekani. Ford iliuza zaidi ya magari milioni 15 ya Model T kati ya 1908 na 1927 bila kuibadili sana. General Motors, chini ya Alfred Sloan, ikaanza kubadili sura ya magari yake kila mwaka ili mwenye gari la zamani atamani jipya. Ford ikapitwa.

Mbona Land Cruiser 70 imedumu tangu 1984?

Wanunuzi wake wengi ni migodi, mashirika ya misaada na kampuni za safari za mbugani. Hao hawatafuti urembo; wanataka gari ambalo fundi yeyote analijua na spea zake zinapatikana. Kwa kiwanda, kalibu za kukandamizia bati ni ghali, hivyo modeli ikidumu, faida huongezeka. Kinacholazimisha mabadiliko ni sheria za usalama na moshi.

Kabla hujaagiza toleo jipya, ulizia kwanza bei ya spea zake.