Mfarishi unaosoma jua

Burnsville ni mji mdogo wa milimani, makao makuu ya kaunti ya Yancey katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mjini humo kuna ukuta uliochorwa mraba mkubwa wa rangi, wa muundo wa mfarishi, na kutoka ukutani inachomoza fimbo. Jua likipiga, kivuli cha fimbo hutembea juu ya rangi na kuonyesha saa. Mambo mawili yamewekwa pamoja hapo: saa ya jua ya umma, na heshima kwa ushonaji ambao kwa vizazi vingi umewafunika watu wa milima hiyo wakati wa baridi.

Mfarishi wa huko ni blanketi zito la tabaka tatu. Juu huwa na vipande vya kitambaa vilivyokatwa kwa kipimo na kuungwa miraba kwa miraba. Katikati pamba au sufu ya kutunza joto. Chini kitambaa kizima. Kisha tabaka zote hushikizwa kwa mishono midogomidogo inayopenya toka juu hadi chini. Miraba ina mitindo yake, na kila mtindo una jina: Nyumba ya Magogo, Bata Bukini Warukao, Nyayo za Dubu, Dira ya Baharia. Wengi waliobuni mitindo hiyo walikuwa wanawake ambao hawakuandika majina yao popote.

Mraba ulifika vipi ukutani? Mwaka 2001, katika kaunti ya Adams, jimbo la Ohio, Donna Sue Groves alikuwa na nia ya kuchora mraba wa mfarishi kwenye ghala la shambani kwao, kumuenzi mama yake, Maxine, aliyekuwa mshonaji. Wazo likakua. Badala ya ghala moja yakawa maghala mengi yaliyofuatana kandokando ya barabara, ili mpita njia ayaone moja baada ya jingine. Mraba wa kwanza ulikuwa Nyota ya Ohio. Baada ya miaka michache miraba ya namna hiyo ilikuwa imeenea karibu nchi nzima na kuvuka hadi Kanada. Kaunti ya Yancey na jirani yake Mitchell zililipokea jambo hilo kwa moyo, wala si ajabu, kwani Mitchell ndiko iliko shule ya kazi za mikono ya Penland, iliyotokana na kikundi cha wanawake wafumaji waliokusanywa na Lucy Morgan katika miaka ya 1920.

Maghala hayo yanapendeza, lakini yananipa shaka. Mraba uliopakwa rangi kwenye ubao hauna tabaka, hauna mshono, haumpi mtu joto. Watalii wanaupiga picha na kuondoka, na kazi iliyozaa mtindo ule, yaani macho yaliyochoka mbele ya taa na vidole vilivyochomwa na sindano, haionekani pichani. Hapo ndipo saa ya jua inapoleta tofauti kubwa. Mraba umerudishiwa kazi. Na kazi yenyewe ina mkaguzi asiyependelea mtu: mstari ukichorwa mahali pasipo pake, jua litaonyesha kosa siku ileile.

Kuunganisha fani hizi mbili si jambo jepesi. Mshonaji huugawa mraba wake kwa nusu, robo na thumni. Pembe zake nyingi ni za nyuzi 45 na 90. Jua halifuati mgawanyo huo. Fimbo ya saa lazima ilale sambamba na mhimili wa dunia, na kwa kuwa Burnsville iko karibu na latitudo 36 kaskazini, fimbo ya ukutani huinama ikifanya pembe ya nyuzi 54 na ukuta. Kwenye ukuta unaotazama kusini barabara, mstari wa saa sita mchana hushuka wima. Wa saa saba hukaa nyuzi 12 pembeni mwake, wa saa nane 25, wa saa tisa 39, wa saa kumi 54 na nusu, wa saa kumi na moja karibu 72. Saa zinasongamana adhuhuri na kutanuka kuelekea jioni. Hakuna mstari hata mmoja unaoangukia kwenye ulalo wa mraba, mahali ambapo jicho la mshonaji lingeutarajia.

Kwa hiyo mchoraji ana njia mbili. Aubandike mtindo wa mfarishi chini na kuchora mistari ya saa juu yake, au aukunje mtindo wenyewe ufuate jua, pembetatu moja iwe nyembamba na nyingine pana. Mimi ningechagua ya pili. Washonaji nao wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, wakipunguza kipande hapa na kuongeza pale hadi mraba ukae. Na kuna jambo moja ambalo jua na mshonaji wanakubaliana: ukuta ukitazama kusini sawasawa, mistari ya asubuhi ni taswira ya mistari ya alasiri, kama zilivyo nusu mbili za mraba mzuri. Ukuta ukigeuka kidogo tu, ulinganifu huo hupotea, na mistari lazima ipigiwe hesabu upya.

Usahihi unaotakiwa unafanana pia. Mshonaji wa mifarishi huacha robo inchi, kama milimita 6, ukingoni mwa kila kipande kwa ajili ya mshono. Akizidisha milimita moja kila upande, vipande 10 vikishaungwa mstari umepungua sentimita 2, na mraba haukutani na jirani yake. Kwa jua, nyuzi moja ya mzunguko wake ni dakika 4.

Kivuli cha ukutani kina tabia ambayo huwashangaza waliozoea kivuli cha ardhini. Chukua ncha ya fimbo iliyo sentimita 10 mbele ya ukuta wa latitudo hiyo. Adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua likiwa chini, kivuli cha ncha huanguka sentimita 6 tu chini ya usawa wake. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa karibu na utosi, huanguka sentimita 45 chini. Ndiyo maana saa ya ukutani inaweza kuwa kalenda vilevile: kivuli cha ncha kinashuka na kupanda ukutani mwaka mzima. Na ukuta huo wa kusini hupata jua kwa muda mrefu zaidi mwezi Desemba, kama saa 9 na nusu milima isipoziba, kuliko mwezi Juni ambapo hupata kama saa 7 tu, kwa sababu siku za kiangazi jua huchomoza na kuzama nyuma ya ukuta.

Anayelinganisha kivuli na saa ya mkononi ataona hitilafu, na hitilafu hiyo ina tarehe yake. Novemba 18, 1883, kampuni za reli za Marekani zilianza kutumia saa za kanda, na miji ikaacha adhuhuri zake. Saa ya mashariki hufuata longitudo 75, wakati Burnsville iko karibu na 82.3, hivyo jua hufika pale takriban dakika 29 baadaye. Ongeza saa moja ya kiangazi, na adhuhuri ya kweli inaangukia karibu saa saba na nusu mchana. Isitoshe, mwendo wa dunia si sawa mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa dakika 16, katikati ya Februari huchelewa dakika 14.

Mfarishi na mbingu vilikutana zamani. Mwaka 1876, huko Iowa, Ellen Harding Baker alishona mfarishi wa sufu wenye jua katikati, njia za sayari zikilizunguka, na nyotamkia kubwa pembeni. Inasimuliwa kwamba aliutumia kufundishia elimu ya nyota. Mzito zaidi kwangu ni wa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Katika mfarishi wake wa pili, alioushona mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na visa vya Biblia, aliweka siku ya giza ya Mei 1780 na mvua ya vimondo ya Novemba 1833. Mambo hayo mawili yalitokea kabla hajazaliwa. Yalimfikia kwa midomo ya watu, naye akayahifadhi kwa uzi. Mfarishi wake wa kwanza aliuuza dola 5, shida ilipombana. Leo wa kwanza uko Smithsonian, Washington, na wa pili uko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston. Ukuta wowote unaotangaza ndoa ya mfarishi na jua una deni kwa mwanamke huyu.

Msomaji wa Mombasa akitaka kuuiga ukuta wa Burnsville, asinakili mistari yake. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini, kwa hiyo ukuta mmoja hulala kivulini karibu nusu ya mwaka. Pwani inafaa bamba lililokaribia kulazwa, fimbo ikiinuliwa juu yake kuelekea kaskazini na kusini, bamba na fimbo vyote sambamba na mhimili wa dunia. Hapo mistari ya saa haitawanyiki kama miale, bali hukaa sambamba. Fimbo ikiwa juu kwa sentimita 10, saa saba huwa sentimita 2.7 kutoka katikati, saa nane 5.8, saa tisa 10, saa kumi 17.3, saa kumi na moja 37.3. Milia sambamba inayozidi kuachana ukingoni: huo ni muundo ambao kikoi kinaweza kuubeba bila kukunjwa hata kidogo, na adhuhuri yetu inahesabiwa saa sita tangu zamani.

Limebaki suala la matunzo, ambalo wanaozindua kazi za umma hulisahau. Makumbusho huikinga mifarishi ya zamani na mwanga kwa sababu mwanga hula rangi na kudhoofisha uzi. Saa ya jua haina kinga hiyo. Inatakiwa ikae palepale jua linapopiga zaidi. Rangi itapauka na siku moja itapakwa upya, pengine na mtu asiyejua kwa nini pembetatu ya saa saba ni nyembamba kuliko ya saa kumi na moja, naye kwa nia njema atazilinganisha. Halmashauri yenye ukuta wa namna hii inapaswa kutunza karatasi moja yenye pembe ya kila mstari, mwelekeo wa ukuta, pembe ya fimbo, namba za rangi, na jina la mshonaji aliyetoa mtindo.