Riba ya Kawaida au Riba Juu ya Riba: Akiba Yako Inakua Vipi?

Msimu wa maembe ukiisha, muuzaji pale Marikiti, Machakos, hujiuliza: nikiweka hizi pesa, zitazaa ngapi? Hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme umeweka KSh 10,000 kwa riba ya 6% kwa mwaka, kwa miaka 3.

Riba ya kawaida: akiba × riba × miaka
10,000 × 0.06 × 3 = 1,800. Jumla: KSh 11,800.

Riba juu ya riba: kila mwaka riba inaingia kwenye akiba, nayo pia inaanza kuzaa.
- Mwaka wa 1: 10,600
- Mwaka wa 2: 11,236
- Mwaka wa 3: 11,910

Tofauti ni kama 110 bob tu. Lakini ziache miaka 10: ya kwanza inakupa 16,000, ya pili 17,908.

Chunga hapa: ukitoa riba kila ikiingia, umerudi kwa riba ya kawaida. Pia, hesabu hizi ni kabla ya kodi. KRA hukata 15% ya riba, si ya akiba; kwa riba ya 600 unabaki na 510.

Kabla ufunge akiba yako, uliza: riba inaongezwa mara ngapi kwa mwaka? Na nikitoa mapema, napoteza nini?