Mapigo ya Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu: Nambari Zinamaanisha Nini

Mama mjamzito anapofika kituoni kujifungua, muuguzi humrudia mara kwa mara kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Nambari anazoandika husaidia kuamua iwapo mama ataendelea kujifungua kwa njia ya kawaida hapo alipo, au anahitaji msaada wa haraka.

Kwa nini moyo husikilizwa

Kila uchungu unapokaza, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua na mtoto hupata oksijeni kidogo kwa muda mfupi. Uchungu ukiachia, damu hurudi. Mtoto mwenye afya huvumilia hali hiyo. Mtoto aliyechoka, au ambaye kitovu chake kimebanwa, huanza kulemewa, na mara nyingi dalili huonekana kwenye mapigo ya moyo.

Husikilizwa vipi

Muuguzi hutumia kifaa chenye umbo la tarumbeta ndogo au dopla ya kushika mkononi. Uchungu ukishakolea, husikiliza kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mama anapoanza kusukuma, husikiliza kila baada ya dakika 5. Kila mara husikiliza kwa angalau dakika 1, wakati uchungu umekaza na baada ya kuachia. Pia hushika mkono wa mama kupima mapigo yake, ili asiyachanganye na ya mtoto.

Baadhi ya hospitali zina mashine inayofungwa tumboni kwa mikanda na kuchora mapigo kwenye karatasi. Kwa mama mwenye afya ambaye uchungu umeanza wenyewe, Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi mashine hiyo itumike mfululizo. Kwa hivyo, kukosa mashine hakumaanishi kwamba mama amepuuzwa. Kilicho muhimu ni kusikilizwa kwa wakati na matokeo kuandikwa.

Kusoma nambari

Kwa kawaida moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Nambari moja peke yake haitoshi. Kasi inaweza kushuka kidogo uchungu unapokaza kwa sababu kichwa cha mtoto kinabanwa, kisha ikarudi uchungu unapoachia. Hilo mara nyingi si tatizo.

Hali inayotia wasiwasi ni kasi inayokawia kurudi baada ya uchungu kuachia, tena na tena. Kasi ikipanda kupita 160 na kubaki huko, huenda mama ana homa au amepungukiwa na maji mwilini. Ikishuka chini ya 110 na kubaki huko kwa zaidi ya dakika 3, hiyo ni dharura.

Hatua zinazochukuliwa

Kwanza mama hulazwa kwa ubavu, kwa kuwa kulala chali hubana mishipa mikubwa ya damu. Akiwa na dripu ya kuongeza uchungu, husimamishwa. Muuguzi hukagua kama kitovu kimetangulia, na hupima joto na shinikizo la damu. Mapigo yasiporudi sawa, mtoto huhitaji kuzaliwa haraka, ama kwa kuvutwa kwa kifaa maalum au kwa upasuaji. Kituo kisicho na chumba cha upasuaji humpa mama rufaa mara moja.

Wakazi wafanye nini

Mama aende kituoni mapema, uchungu unapoanza, akiwa na kijitabu chake cha kliniki. Asingoje nyumbani iwapo maji yamevunjika na yana rangi ya kijani, anatokwa na damu, au mtoto amepunguza kucheza. Ana haki ya kuuliza, "Mapigo ya mtoto ni ngapi?" na kuelezwa. Familia ipange usafiri na pesa za dharura kabla ya tarehe ya kujifungua. Rufaa ikitolewa, isicheleweshwe kwa mashauriano ya nyumbani, kwani kila dakika ina maana kwa mtoto.