Viti vya Gari kwa Ngozi: Fungua Kava la Zamani Kwanza



Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha upande wa Rongo kilipata kazi ambayo sote tulidhani ni baraka. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na Probox, viti vyake vya kitambaa vimechakaa, na kiti cha dereva kimetoboka mpaka sponji inaonekana. Akawauliza, "Si nyinyi mnashona mifuko ya ngozi? Hamwezi kunishonea viti?" Mama mwenyekiti akamjibu, "Mwalimu, hiyo kwetu ni kazi ndogo." Sisi tulikuwa pale kwa mkutano wa mwezi, na tukapiga makofi.

Haikuwa kazi ndogo. Walipima kiti kwa juu juu wakitumia magazeti, wakakata ngozi sawasawa na gazeti, halafu wakashona kwa cherehani ile ile ya sare za shule na uzi ule ule. Kava lilipovutwa juu ya sponji likawa fupi kwa inchi mbili hivi. Wakalivuta kwa nguvu likaingia. Majuma mawili hayakwisha, mshono wa katikati ukafunguka wote. Ngozi ilikuwa imeshakatwa, hairudi dukani, na iliyoinunua ni pesa ya mwalimu. Kikundi kikamlipa kutoka kwa mfuko wa mzunguko, na wanachama wawili hawajaonekana mkutanoni tena. Sisi tuliopiga makofi hatukulipa hata senti, na jambo hilo limetukaa rohoni. Baadaye tulienda kuwauliza mafundi wa viti, tukakaa nao wakifanya kazi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kazi yenyewe ipo, hiyo hatuna shaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kama limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yanakuja na viti vya kitambaa ambavyo vimekaliwa miaka sita au saba tayari. Hapa kwetu yanakutana na vumbi la barabara za ndani. Na yale yanayobeba samaki kutoka Homa Bay na Mbita yanakutana na maji ya samaki, ambayo yakishaingia kwenye sponji hakuna sabuni itakayoyatoa. Ngozi inapanguswa. Lakini ieleweke kwamba maji bado yanaweza kupita kwenye mshono, kwa hiyo mwenye gari la samaki mwambieni ukweli: aweke turubai chini ya mzigo, ngozi au si ngozi.

Tuanze na ngozi. Watu wengi wametuuliza kama wanaweza kutumia ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa pale nyumbani. Jibu ni hapana. Ngozi mbichi huoza, na hata ukiikausha kwa chumvi na jua itakuwa ngumu kama ubao. Kuna wanaotaka kujaribu kuitengeneza wenyewe kwa dawa ya kromi. Tafadhali msijaribu. Maji ya dawa hiyo hayana pa kwenda ila mtoni, na Mto Migori na Mto Kuja yote mwisho wake ni ziwani, tunakovua na tunakoteka maji. Kazi hiyo tuwaachie viwanda vyenye mabwawa ya kusafisha maji yao. Viwanda vya ngozi viko mbali nasi, pande za Nakuru, Thika, Limuru na Athi River, na ndiyo sababu moja ya bei kuwa juu ikifika Migori.

Dukani, ombeni ngozi laini iliyotengenezwa kwa kromi, yenye unene wa milimita 1 hadi 1.4. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miwati ni nzuri kwa mikanda na matandiko ya punda, lakini kwenye kiti kinachopigwa na jua la Homa Bay kutwa nzima itakakamaa na kupasuka. Ngozi ya soli ndiyo kabisa msiiguse. Kisha igeuzeni muangalie nyuma. Ngozi ya kweli nyuma yake ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni reksini, hata kama mwenye duka anakuapia. Hatusemi reksini ni mbaya: kwa matatu na kwa boda boda inafaa sana na bei yake ni nafuu. Ubaya ni kumuuzia mtu reksini kwa jina la ngozi. Iko pia ile iliyotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hiyo inabambuka haraka, na lawama yote itakuwa yenu.

Ngozi haiuzwi kwa mita kama kitambaa, inauzwa kwa futi za mraba. Mara nyingi kipimo kimeandikwa nyuma ya ngozi yenyewe, kwa mfano 22 na tarakimu ndogo 3 juu yake pembeni. Hiyo 3 ni robo tatu, maana yake futi 22 na robo tatu. Ngozi ya ng'ombe wetu wa kienyeji ni ndogo kuliko ya ng'ombe wa Ulaya, na mara nyingi ina alama za kupe, za miiba, za chapa ya moto, na za kisu cha mchinjaji aliyekuwa na haraka. Itandazeni juani, mzungushie chaki kila kasoro kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hatakasirika.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe la kikundi chetu. Kiti cha gari hakipimwi kwa juu. Kava lililochakaa ndilo kipimo chenu, na kila kitu mnachohitaji kujua kimo ndani yake. Toeni kiti garini (mara nyingi ni boliti nne, na kwa magari ya Toyota spana namba 14 huzifungua), kiwekeni juu ya meza, mkigeuze. Mtaona kava limeshikwa na pete ndogo za waya, au ndoana za plastiki. Katen pete hizo kwa plaizi. Ndani ya mifereji ya sponji kuna pete nyingine zinazovuta kava chini ili kiti kiwe na umbo. Hizo msizisahau, wala msivute kava kabla ya kuzikata, kwa sababu sponji itachanika, na kupata sponji ya kiti hicho huku kwetu ni shida. Pigeni picha kwa simu kila hatua. Andikeni kwa kalamu nyuma ya kila kipande: kushoto, kulia, mbele, juu. Na kabla ya kufungua mshono, chorni alama ndogo zinazovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, kila baada ya inchi nne hivi, ili baadaye mjue nini kinakutana na nini. Ndipo mchukue wembe, mkate uzi pole pole, vipande vitengane.

(Chini ya viti mtakuta vitu. Sisi tumeona sarafu, biro, risiti za miaka, na rozari moja. Wekeni vyote kwenye bahasha mrudishie mwenyewe.)

Vipande hivyo vya zamani vinyoosheni, mvichore kwenye karatasi ngumu pamoja na ile nusu inchi ya pembeni iliyokuwa imefichwa ndani ya mshono. Hiyo nusu inchi ndiyo kikundi chetu kilisahau. Kila mshono unakula nusu inchi upande huu na nusu inchi upande ule, na kiti kimoja kina mishono mingi, basi inchi mbili zikapotea bila mtu kuziona. Kipande kilichokuwa kimelegea kwa kukaliwa msikifuate kwa ulegevu wake. Kilinganisheni na mwenzake wa kiti cha abiria, ambacho huwa hakijachoka sana.

Mkitandaza karatasi juu ya ngozi, kumbukeni ngozi ilikuwa mnyama. Mgongo ni imara na hauvutiki ovyo, kwa hiyo pale pa kukalia na pa kuegemea patoke mgongoni. Tumbo linavutika na kulegea, shingo ina mikunjo: huko tafuteni vipande vidogo vya pembeni. Sehemu zinazofichika kabisa, zile za kushikia pete, si lazima ziwe ngozi. Turubai nzuri inatosha na inawaokolea pesa.

Kuhusu cherehani tuseme wazi. Ile ya nguo inaweza kupitisha tabaka mbili za ngozi nyembamba, lakini panapokutana tabaka nne sindano itavunjika au mashine itaruka mishono. Inatakiwa mashine nzito, ambayo mguu wake wa juu unatembea pamoja na ngozi. Kikundi kisicho nayo kisinunue kwa kazi ya kwanza. Nendeni kwa fundi wa viti au wa viatu mjini, mkubaliane awashonee kwa malipo huku nyinyi mkifungua, mkikata na kufunga nyumbani. Tumeona vikundi vikifanya hivyo na faida ikabaki. Uzi uwe wa nailoni nene, kwa kuwa wa pamba unaoza kwa jasho. Mishono isiwe midogo: sita au saba kwa inchi inatosha. Ukitoboa ngozi matundu mengi yaliyokaribiana utaichana kama stempu ya posta, na hilo nalo ndilo lililompata mwalimu wetu.

Kurudisha kava ni kazi ya mikono minne. Liacheni juani nusu saa lilainike, anzeni katikati na ile mifereji, halafu pembe, mkifunga pete mpya. Mkitumia gundi, fanyeni nje au mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na mbali na watoto. Gundi hiyo inashika moto upesi na harufu yake inalewesha.

Jambo moja linatutisha kuliko mengine. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, ule unaofura ajali ikitokea. Utaona kibandiko kidogo kimeandikwa "SRS AIRBAG" kwenye ubavu wa kiegemeo, upande wa mlango. Mshono wa pale umetengenezwa maksudi upasuke. Ukiushona kwa uzi mnene, mfuko hautatoka, na mtu anaweza kufa kwa sababu ya ushonaji wenu mzuri. Kiti chenye kibandiko hicho, shoneni sehemu ya kukalia peke yake. Kiegemeo mwambieni mwenyewe hamkiwezi. Na kwa kiti chochote, toeni waya wa hasi wa betri na kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa waya zilizo chini yake. Soketi za rangi ya manjano ndizo za mifuko hiyo. Mkirudisha kiti, boliti zikazwe na mtu mwenye nguvu, kisha mwingine azikague, hasa ile ya kishikio cha mkanda. Kwa matatu, kanuni za Februari 2004, zile watu wanaziita za Michuki, zinataka kila abiria awe na mkanda, basi kava lisiufunike.

Bei mtaijuaje? Kwa karatasi zenu zilizokatwa. Pimeni urefu mara upana kwa inchi, mgawanye kwa 144, mtapata futi za mraba. Kipande cha inchi 20 kwa 22 ni futi 3 na kidogo. Jumlisheni vipande vyote, halafu ongezeni theluthi moja kwa ajili ya kasoro na mabaki. Tuseme viti viwili vya mbele vimefika futi 45: nunueni 60. Ndipo mseme bei, si kabla. Amana ilingane na gharama ya ngozi, na makubaliano yaandikwe kwenye daftari, nakala mbili, mwenye gari atie sahihi. Pesa ya ngozi isikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa mweka hazina.

Na kama mnaanza leo, msianze na gari. Anzeni na kiti cha boda boda. Kipande ni kimoja au vitatu, kinafungwa chini kwa pini, na mkikosea mmepoteza futi chache tu. Kikundi chetu cha Rongo kilirudi huko huko kwenye boda boda, kikashona kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa gari tena. Mwalimu mwenyewe alikubali wajaribu kiti chake cha dereva mara ya pili, kwa sharti kwamba kava la zamani lifunguliwe mbele yake. Alileta kigoda chake akaketi, akawa anauliza kila kipande kinakwenda wapi.